Muulize Shangazi wa Jikoni: Shoti za manjano na malimao

Jamani, toleo lililopita nligusia kidogo tu juisi ya tangawizi, basi meseji zimemiminika mpaka simu inaniambia imejaa, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, vile vichupa vidogo vya njano vinavyouzwa kwenye jimu na maduka ya juisi, wenyewe wanaviita shoti. Nimechagua maswali nane, yaliyofanana nimeyaunganisha. Mtaona ya wagonjwa nimeyajibu kwa urefu, kuna meseji zingine nlizisoma roho ikaniuma.

Shikamoo shangazi. Mi niko Tabata, Dar. Ofisini kwetu kila mtu asubuhi ananunua shoti ya manjano, kichupa cha mkupuo mmoja kimeisha, elfu nne! Siku tano hizo elfu ishirini. Hivi siwezi kutengeneza mwenyewe, na mule ndani kuna nini hasa?

Marahaba mwanangu. Unaweza kabisa, na ya kwako itakuwa nzuri kuliko ya dukani kwa sababu utainywa ikiwa mbichi. Mule hamna maajabu, ni manjano, tangawizi, malimao, machungwa na pilipili manga basi, vitu ambavyo bibi zetu walikuwa navyo jikoni siku zote.

Chukua manjano mbichi kama gramu 60, ni vidole vitatu vinne vya saizi ya kidole gumba. Tangawizi gramu 80, kipande cha urefu wa kiganja. Machungwa makubwa matatu, malimao matatu (ukiwa na ndimu basi sita), pilipili manga ya kusaga robo kijiko cha chai, maji nusu kikombe, na asali kijiko kimoja cha mezani kama unataka, mi siweki maana machungwa ya Muheza yakiwa kwenye msimu yana utamu wake wa kutosha. Na usikimbie chungwa la kijani sokoni, huku kwetu joto halipungui usiku kwa hiyo ganda linabaki kijani hata chungwa likiwa limeiva vizuri, we lipime mkononi, zito ndo lenye maji.

Sasa wengi wanaharibu hapa. Wanatupia kila kitu kwenye blenda na mbegu zake na ile nyama nyeupe ya ganda, alafu wanalalamika chungu. Machungwa na malimao kamua pembeni kwanza, mbegu toa zote. Tangawizi ikwangue ganda kwa ncha ya kijiko, kisu kinakula nyama bure, alafu ikate vipande vyembamba kukatisha zile nyuzi, ukiikata kwa urefu nyuzi zinajizungusha kwenye visu vya blenda. Manjano we sugua tu kwa brashi na maji, ganda lake ni jembamba halina shida. Saga mizizi pamoja na juisi ya machungwa na malimao, ile nusu kikombe ya maji na pilipili manga kwa dakika moja, pumzisha, saga tena, chuja kwa kitambaa safi cha pamba na ukamue kwa nguvu kama unakamua tui. Hicho kitambaa kiwe cha kazi hiyo tu, hakitarudi kuwa cheupe. Kama huna blenda kwangua kwenye greta au twanga kwenye kinu, inakuwa na mapande kidogo ila ladha ni ileile.

Machicha usitupe! Yatie kwenye chai ya maziwa, kwenye mchuzi wa samaki, au changanya na kitunguu saumu upake kuku kabla ya kuchoma.

Utapata kama nusu lita hivi. Kipimo changu ni kile kikombe kidogo cha kahawa cha barazani, kinachukua kama mililita 60, kwa hiyo ni vikombe nane, kimoja kwa siku. Weka kwenye chupa ya kioo mpaka juu kabisa hewa isibaki, friji, siku nne au tano usizidishe. Itajitenga, unga unazama chini, hiyo ni kawaida, tikisa. Ukitaka ikae zaidi mimina kwenye trei ya barafu uweke friza, vijiwe viwili vinaingia kikombe kimoja, na hata miezi miwili viko sawa. Ila umeme ukikatika siku nzima na vikayeyuka usivigandishe tena.

Habari Shangazi, niko Kisauni, Mombasa. Nilitengeneza hiyo juisi nikatumia bizari ya unga ya dukani, ikatoka na harufu ya mchuzi kabisa, hata mume wangu amekataa kuonja. Nilikosea wapi?

Pole mwanangu, hujakosea, jina ndo limekuponza. Bizari ni neno moja lenye vitu vingi. Kuna bizari nyembamba, ile ya pilau, kuna bizari ya mchuzi ambayo ni mchanganyiko wa viungo vingi umesagwa pamoja, na kuna bizari ya manjano yenyewe, wengine wanaita binzari, wengine manjano tu. Duka la mtaani ukisema "nipe bizari" anakupa inayotoka sana, na inayotoka sana ni ya mchuzi. Siku nyingine sema manjano, na kama haijafungwa nusa kwanza. Manjano yana harufu ya udongo wa mvua na uchungu kidogo, ukisikia giligilani ujue siyo.

Na ukitumia ya unga kumbuka manjano mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, kilo tano za mbichi zikikauka unabaki na kama kilo moja. Kwa hiyo gramu 60 zile za mbichi ni sawa na vijiko vinne vya chai vya unga, ila mi naweka viwili au vitatu, vinne koo linajaa vumbi.

Kuhusu unga kuna jambo sitaki nilipite. Unga wa manjano wenye rangi ya kuwaka sana, njano ya kupaka ukuta, usiuamini. Bangladesh watafiti waligundua wafanyabiashara walikuwa wanatia rangi iitwayo kromati ya risasi kwenye manjano ili yang'ae, na matokeo yalichapishwa 2019. Risasi hapa ni ile metali, nayo ni sumu, inaharibu ubongo wa watoto. Serikali yao ikaingia sokoni, ikapiga faini, ikaelimisha, na mpaka 2021 vipimo vya sokoni havikukuta tena. Mi tangu nisome habari hiyo nanunua manjano makavu mazima, vile vipande vigumu kama mawe, napeleka kusaga au natwanga mwenyewe. Ni kazi ndio, ila najua nnachowapa watoto.

Shangazi mambo, mi ni kijana wa Arusha nafanya mazoezi. Eti bila pilipili manga manjano hayafanyi kazi? Na hizi shoti kweli zinaongeza kinga au wanatuuzia maneno?

Poa kabisa mwanangu. Ya pilipili manga ina ukweli. Kile kitu ndani ya manjano kinachosifiwa kinaitwa kurkumini, na mwili unakipokea kidogo mno, kingi kinapita tu. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini, na mara nyingine wakawaongezea miligramu 20 za paiperini, ambayo ndo ule ukali wa pilipili manga, wakakuta kiasi kinachoingia kwenye damu kimepanda kama mara 20. Ndo hapo habari ilipoanzia. Ila angalia, gramu 2 za kurkumini tupu ni nyingi sana. Unga wa manjano wenyewe una kurkumini kama asilimia 3, kwa hiyo kikombe chako kimoja kina kama miligramu 45 hivi. Pilipili manga weka robo kijiko kwa mchanganyiko wote inatosha, na kwa kuwa kurkumini inapenda mafuta kunywa pamoja na kifungua kinywa chenye yai au karanga au parachichi, sio lazima utumbukize mafuta kwenye shoti, inakuwa mbaya mdomoni.

Kuhusu kinga ntakwambia ninavyoelewa mimi. Vitamini C kwenye kikombe kile ni kama miligramu 20, na mtu mzima kwa viwango vya Marekani anahitaji 75 mwanamke na 90 mwanaume kwa siku. Pera moja tu la ukubwa wa kawaida linazidi miligramu 100! Pera lile la jirani linaloanguka na kuoza chini ya mti. Na hata mtu akimeza vitamini C nyingi kila siku, mapitio ya 2013 ya Cochrane, kundi la watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalionyesha mafua hayapungui kutokea kwa watu wa kawaida, yanafupika tu kama asilimia 8 kwa watu wazima, na ukianza kunywa baada ya kuugua haionekani kusaidia kwa uhakika. Wote tunakumbuka 2020 malimao na tangawizi zilivyopanda bei, watu wanagombania sokoni, tulikuwa na hofu na hofu inatafuta cha kushika. Mi nakunywa shoti yangu kila asubuhi kwa sababu inaniamsha, inanichangamsha koo, na siku nikianza nayo sitamani soda. Kwangu hizo sababu zinatosha, siihitaji iwe dawa.

Shikamoo shangazi. Naandika kutoka Mwanza. Mama yangu ana miaka 63, ana sukari na presha, na mwaka jana damu iliganda mguuni wakamuanzishia warfarin. Sasa jirani amemletea chupa ya manjano na tangawizi anasema inasafisha damu, na amemwambia aache vidonge maana "vinaua figo". Mama ameanza kunywa asubuhi na jioni. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Nimesoma yako mara tatu. Leo hii, kabla ya kesho, hakikisha mama hajaacha hata kidonge kimoja, na hiyo chupa iwekwe pembeni mpaka umeongea na kliniki inayompa warfarin. Usiende kugombana na jirani, inawezekana kabisa amefanya kwa upendo, ila kwa mama yako upendo huo una hatari.

Warfarin inafanya damu isigande haraka, ndo kazi yake. Manjano na tangawizi kwa wingi vinaweza kusukuma upande uleule, au kuifanya dawa ikae mwilini kwa nguvu zaidi. Mwaka 2018 Medsafe, mamlaka ya dawa ya New Zealand, ilitoa tahadhari kwa sababu mgonjwa aliyekuwa ametulia vizuri kwenye warfarin alianza kutumia bidhaa ya manjano, na ndani ya wiki chache kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kikapita 10. Wengi wanaotumia warfarin wanatakiwa wawe kati ya 2 na 3. Kupita 10 ni mtu anayeweza kuvuja damu ndani bila hata kujikwaa. Kwa hiyo mwambie daktari wazi kwamba amekunywa, siku ngapi, kiasi gani, na muombe apimwe INR. Mkiona fizi zinatoka damu, michubuko bila kugongwa, mkojo mwekundu au choo cheusi kama lami, msisubiri siku ya kliniki, nendeni hospitali usiku huohuo.

Na kuacha warfarin ghafla nako ni balaa, lile donge la mguuni linaweza kurudi na kusafiri mpaka kwenye mapafu. Ya figo mjibu mama hivi, sukari na presha zisizodhibitiwa ndo zinazoua figo, na vile vidonge vya sukari na presha ndo vinavyomlinda. Muelezeni taratibu, mkae naye chini, wazee wetu wakiona wanaamrishwa wanameza mbele yenu na kutema nyuma.

Kwa ajili ya wengine wote wenye dawa za kila siku, naongeza haya. Usiweke balungi badala ya chungwa kwenye shoti, balungi linazidisha nguvu ya baadhi ya dawa, kama nifedipini ya presha na simvastatini ya kolesteroli. Mwenye sukari ajue asali na machungwa ni sukari pia. Mwenye mawe ya nyongo aachane nazo kwa sababu manjano yanaminya mfuko wa nyongo, mwenye historia ya mawe ya figo apunguze maana manjano yana oksaleti nyingi, kitu kinachochangia hayo mawe, na mwenye upungufu wa damu asiyanywe pamoja na vidonge vyake vya madini ya chuma. Mjamzito, manjano ya kwenye mchuzi hayana neno, ila shoti za kila siku muulize kwanza mkunga wako. Vile vidonge vya manjano vya makopo vyenye dozi kubwa na paiperini ndani ndo siviafiki kabisa, kuna watu maini yao yameumia, imeandikwa na madaktari, na wengi walidhani wanakunywa kitu cha asili kisicho na madhara.

Manjano ya kwenye wali na mchuzi mama aendelee kula kama alivyozoea, hayo sio ugomvi wetu.

Dada naomba msaada, mwanangu ana miezi 8 ana mafua, naweza kumpa kijiko cha shoti yenye asali? Niko Dodoma.

Hapana mdogo wangu. Asali haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja hata tone, inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi, na pilipili manga na tangawizi zitamchoma koo. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, msafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi, na akipumua haraka au kifua kikiwa kinazama au akikataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya.

Shangazi, mi wa Tanga. Nina vidonda vya tumbo, kila nikinywa hiyo kitu asubuhi tumbo tupu naungua. Rafiki zangu wanasema nivumilie ni sumu zinatoka. Na meno nayo yameanza kuuma nikinywa baridi.

Sio sumu zinatoka, ni kidonda chako kinalia. Malimao, tangawizi na pilipili juu ya tumbo tupu lenye kidonda, unategemea nini mwanangu? Acha. Kamalize matibabu kwanza, vidonda vingi vinatokana na bakteria anaitwa H. pylori na vinapona kwa dozi kamili ya antibayotiki, na uache kujinunulia dawa za maumivu kama diklofenaki ovyo. Ukishapona na daktari akakuruhusu, jaribu nusu kikombe baada ya kula, malimao punguza ongeza maji.

Ya meno ni ile asidi ya malimao, inalainisha gamba la jino. Kunywa kwa mkupuo usikae unaionjaonja, au tumia mrija, suuza mdomo kwa maji, na usipige mswaki hapohapo, subiri nusu saa mpaka saa zima, ukipiga mswaki jino likiwa laini unalikwangua. Hii inawahusu na wasio na vidonda.

Hujambo shangazi, nataka kuanza kuuza shoti hapa Morogoro, manjano na viungo vya Uluguru si viko karibu. Naanzaje?

Sijambo mwanangu, na nimefurahi. Anza na chupa ishirini kwa majirani, andika tarehe uliyotengeneza kwenye kila chupa, chupa zichemshwe, na usafirishe kwenye kasha la barafu maana haijapikwa na joto la Morogoro unalijua. Pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakufundishe usindikaji, alafu TBS, shirika la viwango, kwa usajili, mambo ya usalama wa chakula yako kwao tangu 2019. Na nakuomba sana, lebo iandike viungo vyake basi, usiandike inatibu saratani wala sukari. Yule mama wa Mwanza anaweza kuwa mteja wako.

Assalaam alaykum shangazi, niko Unguja. Manjano yamenirukia kwenye kanzu nyeupe ya mume wangu, nikafua kwa sabuni ya mche doa likageuka jekundu kama damu! Nimelia. Na jagi la blenda limekuwa njano.

Wa alaykumu salaam mwanangu, futa machozi, hiyo kanzu inapona. Manjano yakikutana na sabuni yenye magadi yanageuka mekundu, yakikutana na ndimu yanarudi njano, ndivyo yalivyo. Suuza sabuni yote itoke, kamulia ndimu juu ya doa ukae dakika kumi, suuza tena, alafu ianike juani ikiwa bado mbichi, doa liangalie jua lenyewe. Rangi ya manjano haiwezi jua, inavunjika. Siku moja itafifia, kama bado irudishe maji uianike na kesho yake, mi yangu ya kitambaa cha meza ilichukua siku tatu. Usipige pasi kabla doa halijaisha, joto la pasi linaligandisha. Na jagi la blenda vilevile, lipake mafuta ya kula kwa ndani ukae nusu saa, osha kwa sabuni, alafu liweke dirishani kwenye jua mdomo ukiwa wazi. Vidole vyako vitakaa njano siku mbili kama vya bibi harusi aliyetoka kusingwa, hivyo viache tu.